Komeo Lisilofunga

Zuleikha binti Abdulghani akikasirika hapigi kelele. Waulize majirani zake wa Junda watakwambia: sauti yake hushuka, maneno hupungua, na anayeambiwa hutamani bora angetukanwa yakaisha. Siku ya mkutano wa Kivuko alisema kwa sauti ya chini mpaka wenzake waliokuwa Nairobi wakamwomba asogeze simu karibu na mdomo. Hakuisogeza. Waliotaka kusikia walisikia.

Watu wamemsema sana mwanamke huyu tangu hapo, kwamba ana kichwa kigumu, kwamba aliivua nguo kamati hadharani. Wacha waseme. Wengi wao hawajui hata kilichofanywa.

Kwa mshahara, Zuleikha ni karani wa kampuni ya mawakala wa forodha pale bandarini Kipevu. Anapitisha hati za makontena, anabishana na madereva wa malori, na mzigo ukikwama anajua ni nani wa kupigiwa simu. Kwa mapenzi, ni mfungashaji wa Kivuko. Kivuko ni mfumo wa kuendesha kompyuta, wa bure, wa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, uliotengenezwa na watu wa kujitolea ili kompyuta kuukuu zinazotupwa na maofisi zifufuke shuleni, zahanatini na katika vijiofisi vya mitaani. Mfumo wa namna hiyo si kitu kimoja. Ni programu ndogo ndogo chungu nzima, na kila moja lazima apatikane mtu wa kuichukua ilikoandikwa, aijaribu, aifungashe ikae vizuri na nyingine, aandike maelezo yake, kisha aitie sahihi. Sahihi yenyewe si ya kalamu. Ni ufunguo wa tarakimu alio nao yeye peke yake, na kila kompyuta yenye Kivuko inautambua.

Wafungashaji wana desturi yao, na wanaishika hasa. Hupewi ruhusa ya kutia sahihi kwa barua wala kwa simu. Lazima wafungashaji wawili wa zamani wakuone kwa macho, washike kitambulisho chako, wakutazame uso, wakusikie ukizisoma tarakimu za ufunguo wako kwa kinywa chako mwenyewe. Ndipo wakudhamini. Zuleikha alidhaminiwa Changamwe, kwenye kibanda cha viazi karai, na Nyambura, mfungashaji wa zamani ambaye kwa kazi ni wakili, pamoja na Bonface, mwenyekiti wa kamati, aliyeshuka kutoka Nairobi kwa ajili hiyo. Bonface alikishika kitambulisho, akaicheka ile picha, akapangusa vidole vyenye ukwaju, akasema, "Haya, sasa wewe ni wetu. Jina lako likikaa kwa kifurushi, watu wanalala."

Kifurushi alichokabidhiwa kiliitwa Komeo. Kazi ya Komeo ni kuyageuza yote yaliyomo ndani ya kompyuta yawe vurugu tupu mbele ya asiyekuwa na neno la siri. Mwizi anaweza kuichukua mashine, akaifungua kwa bisibisi, akaitoa diski akaipachika kwenye mashine nyingine. Ataambulia herufi zisizo kichwa wala miguu. Zuleikha alilitunza Komeo kwa miaka. Kila toleo jipya la Kivuko lilipokaribia kutoka, alilijaribu Komeo kwenye kompyuta zake mwenyewe kabla hajalitia sahihi, na kama lina kasoro lilikaa, hata kamati ipige kelele vipi.

Aliyelihitaji Komeo kuliko wote alikuwa Bi Mwanamkasi wa Likoni. Huyu ni mama mtu mzima, ana ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la leso, na kazi yake ni kuwapokea wasichana wanaorudi kutoka Arabuni walikopelekwa kufanya kazi za nyumbani. Wanarudi wameungua mikono kwa pasi, wengine wanarudi na mambo ambayo hawawezi kumwambia mama aliyewazaa. Wengi walipelekwa na wakala mmoja, Ismail, mtu mwenye kanzu safi na ulimi wa asali. Bi Mwanamkasi alikuwa akikusanya ushuhuda wao ili kesi ifikishwe mahakamani, na wasichana walikuwa wakiogopa. Ismail anawajua wazee wao. Anajua nyumba zao.

Siku Zuleikha alipomwekea Kivuko kwa mkono wake, yule mama aliketi kando akiutazama mtambo kwa mashaka.

"Mwanangu, mie mambo haya siyajui," akasema. "N'nataka unambie kitu kimoja tu. Mtu akiichukua hii, ataona nini?"

"Hataona kitu, Bi Mwanamkasi. Ataona takataka."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Kwa kiapo hicho Bi Mwanamkasi akawaambia wasichana, na kwa neno la Bi Mwanamkasi wasichana wakasema. Wakasema yote, kwa majina yao na ya mitaa yao.

Sasa njoo kwenye barua. Ghala la Kivuko, yaani kompyuta kubwa ambako watu huchukua vifurushi, lilihifadhiwa bure na kampuni moja ya ng'ambo. Wanasheria wa kampuni hiyo waliamka siku moja wakaandika kwamba, kwa sheria za nchi yao, programu za kufunga siri ni bidhaa inayodhibitiwa. Haitolewi nje ya nchi mpaka taratibu fulani zitimizwe. Kwa hiyo Komeo litoke ghalani, na litoke upesi.

Zuleikha hakubishana na sheria. Mtu anayeshinda Kipevu hajaona mzigo uliozuiliwa ukaachiliwa kwa sababu mwenyewe kanuna. Alichosema mkutanoni ni kimoja: tuliondoe, na tuwaambie watu kwamba limeondoka. Lakini Bonface alikuja na ufundi wake. Programu nyingine zililitegemea Komeo, akasema. Likiondoka, kuweka mfumo kwenye kompyuta mpya kutakwama katikati, na shule zinafunguliwa, na wafadhili wanangoja toleo jipya. Suluhisho ni kuacha jina na kuutoa utumbo. Kifurushi kitaitwa Komeo vilevile, kitaonekana kwenye orodha vilevile, ila ndani hamna kitu.

"Ni ya muda tu, dada Zule," Bonface alisema. "Hizo taratibu zikikamilika tunarudisha. Hakuna mtu atajua."

"Hilo la kutojua ndilo n'nalolisema. Mtu akitia neno lake la siri akaona Komeo limeitika, ataamini imefungwa."

"Manze, nani anaibiwa siri hapa? Ni watoto wa shule wanacheza gemu."

"Ondoeni na jina."

"Jina likitoka mfumo unakwama, nimekwambia."

"Uwacheni ukwame. Ukikwama mtu atauliza. Ukikubali, atalala."

Nyambura alikuwa kwenye simu hiyo hiyo na hakutia neno. Walipiga kura, wakamshinda. Zuleikha akasema sahihi yake hawaipati. Bonface, kwa upole ule wa mtu aliyekwishapata alichotaka, akamjibu asijali, ataweka yake. Zuleikha akakata simu. Kwa wiki nyingi hakufungua kurasa za Kivuko, maana kila akizifikiria damu ilimchemka, naye ana kazi ya watu ya kufanya.

Bonface alitia sahihi yake, hilo ni kweli. Lakini maelezo ya kifurushi hakuyagusa. Palepale palipoandikwa mtunzaji wa Komeo ni nani, palibaki pameandikwa Zuleikha Abdulghani, Mombasa. Labda alisahau. Labda hakuona sababu. Mimi sijui lipi baya zaidi kati ya hayo, na sitaki kujua.

Simu ya Bi Mwanamkasi ilimkuta Kipevu, mezani kwake. Ofisi ya Likoni ilikuwa imevunjwa. Walivunja kufuli, wakaiacha redio, wakauacha mtungi wa gesi, wakachukua laptopu peke yake. Na mama wa watu hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa karibu kucheka.

"Wamejichosha bure, mwanangu. Wamechukua bati."

"Ni ile niliyokuwekea mimi?"

"La, ile ilikufa kioo. Hii Charo kaniwekea baada ya Idi, toleo jipya. Komeo limo, nimeliona kwa macho yangu haya. Na jina lako liko pale."

Zuleikha aliinuka. Wenzake ofisini wanasema aliinuka akakaa, akainuka tena. Akafungua ukurasa wa Komeo kwenye simu yake, akalikuta jina lake limekaa juu ya kitu kitupu, akatoka bila kuaga.

Alivuka kwa feri akapanda kwa miguu hadi kibanda cha Charo, fundi wa kompyuta aliyezoeleka pale Likoni, Mgiriama mpole asiyejua kumdhulumu mtu. Alimwomba aweke toleo lile lile kwenye mashine yoyote aliyokuwa nayo. Charo akaweka. Mfumo ukauliza kama anataka Komeo, akakubali. Ukamwomba neno la siri, akaliandika. Ukasema vyema, Komeo lipo. Kisha Zuleikha akaitoa diski akaiunganisha kwenye kompyuta nyingine, na mafaili yote yakajipanga wazi kwenye kioo, na majina yao, yanasomeka na mtoto wa chekechea.

Charo akayatazama.

"Dada Zuleikha, mimi niliona jina lako," akasema. "Ningeuliza nini tena?"

Zuleikha alitamani kupata wa kumfokea angalau pale, lakini hakumpata. Charo alifanya kila kitu alichofundishwa kufanya. Aliangalia nani kadhamini, akamkuta mtu anayemwamini, akaendelea na kazi. Hivyo ndivyo mambo yote ya Kivuko yanavyokwenda, na ndiyo maana Zuleikha alihisi kama ametapeliwa kwa kutumia mdomo wake mwenyewe.

Bi Mwanamkasi alimkaribisha chai. Zuleikha akasema hanywi, akamweleza akiwa amesimama. Haikufungwa. Aliyeichukua anasoma. Yule mama hakuelewa mara moja, ikabidi amwambie tena, na mara ya pili ndiyo aliyoiona ikimwingia. Hakulia wala hakumlaumu. Alijifunga leso yake kiunoni, akavaa ndara, akasema, "Haya, twende tukawaambie kabla hajawafikia."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Ummi, Mtongwe. Ummi ndiye aliyekuwa shahidi mkuu, msichana aliyekaa Arabuni hadi akasahau kutazama watu machoni, na aliyeanza kuwatazama tena kwa sababu ya ofisi ile. Alifungua mlango nusu. Hakuwakaribisha ndani, na kwa watu wa pwani hilo peke yake ni habari nzima.

"Mmechelewa," akasema. "Amekwishapiga simu."

"Ismail?" Bi Mwanamkasi akauliza.

"Hakutaja jina. Amenisomea maneno yangu, Bi Mwanamkasi. Yale ya chumbani, yale ambayo mume wangu hayajui. Amenisomea polepole mpaka mwisho, kisha akaniuliza, je, nimsomee na mumeo?"

"Ummi, mwanangu..."

"Mie nilikwambia wewe. Sikuiambia kompyuta."

Zuleikha akasogea mbele. Angeweza kusema ni kamati, angeweza kusema ni Bonface na kura zake na barua za ng'ambo, na kila neno lingekuwa kweli. Lakini ungemwelezaje Ummi, aliyesimama nusu mlangoni, habari za ghala na vifurushi? "Aliyeapa kwamba imefungwa ni mimi," akasema.

Ummi akamtazama kidogo. "Basi usiape tena," akasema, akafunga mlango.

Walizunguka nyumba zote. Kwingine walipokewa, kwingine wakajibiwa dirishani. Kufikia mwisho wa juma, kila msichana alikuwa ameombwa msamaha kwa kinywa, na kila mmoja alikuwa ameshasomewa maneno yake.

Ndipo Bonface alipopiga. Habari zilikuwa zimemfika, na alikuwa na pole nyingi, pole za kila aina. Kisha akaja kwenye shida yake. Komeo sasa linaweza kurudi. Nyambura alikuwa ameisoma ile sheria ya ng'ambo kifungu kwa kifungu, akakuta kwamba programu inayotolewa bure kwa kila mtu haizuiliwi kabisa. Wanachotaka ni kujulishwa tu. Unaandika ujumbe mfupi kwa ofisi inayohusika, unasema programu iko mahali fulani, basi. Nyambura aliuandika asubuhi, na jioni watu wa ghala wakaridhika.

Zuleikha alikuwa na swali.

"Aliisoma lini?" akauliza.

"Juzi."

"Na siku ya kura?"

"Siku hiyo hakuna aliyekuwa na wakati. Unajua vile tulikuwa na presha ya toleo, dada Zule."

Hapo, hasira iliyokuwa imemjaa Zuleikha ikashuka ikakaa. Mistari mitatu minne ya barua. Watu wenye shahada zao walikuwa na wakati wa kubuni kifurushi kitupu, wakakifungasha, wakakijaribu, wakahakikisha kinadanganya vizuri bila kukwama popote. Wakati wa kusoma kile walichokatazwa hawakuupata. Ilikuwa rahisi zaidi kwao kuwahadaa watu kuliko kusoma. Na sasa huyu hapa, anataka Komeo zima lirudi na sahihi ya Zuleikha, kwa sababu watu wanaiamini.

"Nitatia sahihi," akasema.

"Nilijua utatuelewa. Kwa maelezo ya mabadiliko tutaandika tu 'maboresho ya usalama'."

"Maelezo anaandika mtunzaji."

Hiyo nayo ni desturi yao, na Bonface aliijua. Kifurushi kinapobadilika, mtunzaji huandika sababu, maneno yake huonekana kwenye kioo cha kila kompyuta inayopokea mabadiliko, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuyagusa. Zuleikha aliandika hivi:

"Kompyuta iliyowekwa toleo lililopita haijafungwa. Ulipoambiwa Komeo lipo, uliambiwa uongo. Kamati ya Kivuko ilitoa yaliyomo ikaacha jina, ikijua, kwa kura, na haikukwambia. Kama umeandika humo siri ya mtu, nenda ukamwambie leo. Usingoje."

Bonface alisoma, akapiga tena. Safari hii hakumwita dada. Alimwambia anaiua kazi yao yote, wafadhili watakimbia, watoto wa shule watakosa kompyuta kwa ajili ya kisirani chake. Akamwomba aondoe lile neno uongo, aweke hitilafu. Zuleikha akamwuliza hitilafu gani hiyo inayopigiwa kura. Akatia sahihi, akatuma.

Maneno yale yalitokea kwenye vioo kutoka Vanga hadi Kiwayu, pwani nzima, na mbali zaidi. Karani wa zahanati moja alipiga simu akitweta, akiuliza habari za wagonjwa wake. Mwalimu mmoja aliandika kushukuru. Kamati ilimwandikia Zuleikha onyo kwa kutumia lugha isiyo na staha, na wafungashaji wawili waliokuwa wakimsalimu kila Ijumaa wakaacha. Yeye aliwajibu waliouliza, mmoja baada ya mwingine, jibu lile lile: ndiyo, ilikuwa wazi, pole, nenda kawaambie. Kuhusu onyo hakujibu.

Kesi ya Ismail ilisikilizwa kwenye mahakama ya Shanzu. Zuleikha aliomba ruhusa kazini akaenda, akaketi benchi la nyuma pamoja na Bi Mwanamkasi. Karani wa mahakama aliyasoma majina ya mashahidi, na askari akayarudia kwa sauti nje barazani. Ummi aliitwa wa kwanza. Kila jina lilipoitwa, Bi Mwanamkasi aligeuka kutazama mlango, na kila mara mlangoni hapakuwa na mtu. Mwendesha mashtaka aliulizwa kama mashahidi wake hawajulikani walipo. Akasema wanajulikana walipo, ila wamekataa kuja, na hana wengine. Hakimu alingoja, akauliza tena, kisha akaandika. Ismail akaachiliwa.

Alitoka na watu wake, wengine wakimshika mkono, wengine wakimpa hongera. Barazani akawapita wote akaja moja kwa moja mpaka walipokuwa wamesimama wale wanawake wawili. Akatoa salamu kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Assalamu alaykum."

Bi Mwanamkasi alifungua kinywa kwa mazoea, akakifunga. Zuleikha, aliyelelewa na baba aliyemfundisha kwamba salamu hurudishwa hata kwa mtu mliyegombana asubuhi, alimtazama Ismail usoni na hakuirudisha. Yule mtu hakuonekana kuudhika. Akamsogelea, akainamisha kichwa kidogo kama mtu mwenye adabu, akamnong'oneza maneno machache, kisha akateremka ngazi taratibu akaenda kwenye gari lake.

"Amekwambiaje?" Bi Mwanamkasi akauliza.

"Ameniita kwa jina langu na la baba yangu, kama lilivyoandikwa kwenye Komeo," Zuleikha alisema. "Amenishukuru."